Ukili Mkononi, Zaburi Mdomoni

Jumapili, jioni

Nimefika Malindi salama. Njiani hakuna la kusimulia: msongamano Mtwapa, daraja la Kilifi, manyunyu Gede, na kondakta aliyedaiwa chenji na nusu ya abiria. Shangazi kanipokea kwa wali wa nazi na nguru wa kukaanga, kisha akauliza swali nililojua litakuja: "Likizo yote hii, mwanangu, umekuja kuomba tu? Kwani huko Mombasa makanisa yamefungwa?"

Nikamweleza. Nimekuwa nikienda mafungo kwenye nyumba za watawa, na kule sala huja yenyewe. Kengele inalia, unaingia kanisani, unatoka unakuta chakula kiko mezani, unarudi chumbani kimya. Sala ni rahisi sana mahali ambapo mtu mwingine ndiye anayepika. Ukisharudi nyumbani kuna bosi, kuna token za stima, kuna jirani na redio yake, na utulivu wote ule unayeyuka kabla nguo za safari hazijafuliwa. Safari hii nimetaka kinyume chake: nikae penye kazi na kelele, nisali humo humo, nione kama waliyoyafundisha wamonaki wa kale yanamfaa mtu asiye mmonaki.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. "Basi kesho utakuna nazi," akasema.

Jumatatu

Nimekuja na mstari mmoja tu, wa Zaburi ya 70: "Ee Mungu, uniokoe, Ee Bwana, unisaidie hima." Sikuuchagua mimi. Mwishoni mwa karne ya 4, mmonaki John Cassian na rafiki yake Germanus walikwenda Misri kuwauliza wazee wa jangwani inawezekanaje mtu asali bila kukoma, kama Paulo alivyowaagiza Wathesalonike. Abba Isaka akawapa mstari huo. Useme tamaa ya chakula ikikushika, useme chakula kikikataa kushuka, useme usingizi ukipaa, hasira ikipanda, na hata moyo ukiwa shwari, maana hapo ndipo majivuno hupiga hodi. Cassian aliyaandika hayo baadaye akiwa Marseille, kusini mwa Ufaransa. Mpaka leo watawa hufungua vipindi vyao vya sala kwa maneno hayo hayo, na sisi walei huyasema haraka haraka ili tufike kwenye sala yenyewe.

Basi nikakalia mbuzi. Aliyezoea tui la pakiti huenda hajui kazi hii. Unakalia kibao, ulimi wa chuma wenye meno uko mbele yako, unashika kizio cha nazi kwa mikono miwili na kukizungusha juu ya meno. Ukikandamiza mno, unakula mpaka ganda la kahawia na tui linatoka chafu. Ukilegeza, kizio kinateleza na meno yanakutafuta vidole. Nusu ya kwanza ya mstari niliisema nikisukuma, ya pili nikizungusha. Ukaingia vizuri. Kizio cha kwanza nilikimaliza nikiwa na amani kabisa. Cha pili kilipokaribia katikati, akili ilikuwa imeshaanza kutunga barua ya kumjibu mtu fulani ofisini, barua kali, yenye nakala kwa wakubwa, huku midomo ikiendelea na Zaburi.

Shangazi aliyachukua machicha, akayakamua kwenye kifumbu, akatenga tui zito pembeni, akatia maji ya vuguvugu kukamua la pili. Hakuuliza sala imekwendaje. Aliuliza kwa nini kizio cha mwisho kimekunwa kwa hasira.

Jioni nimemkumbuka Ndugu Lawrence, Mkarmeli wa Paris wa karne ya 17, yule ambaye watu humtaja kila inapozungumzwa sala ya jikoni. Wanaomtaja husahau kusema kwamba jikoni hakupapenda. Alikuwa askari aliyerudi kutoka vitani na jeraha la mguu, akapewa masufuria kwa miaka mingi, na kwa tabia yake aliichukia kazi hiyo. Aliwahi kutumwa Burgundy kununua mvinyo wa nyumba, na kwa mguu ule hakuweza kutembea kwenye mashua ila kwa kujiviringisha juu ya mapipa. Alimwambia Mungu kwamba kazi ni yake, akaendelea kujiviringisha. Nampenda zaidi pale juu ya mapipa kuliko kwenye picha zake za utulivu.

Jumanne

Siku ya ukili. Baada ya chai shangazi hukaa barazani na jirani yake, bibi mmoja Mwislamu ambaye wameitana shoga tangu kabla sijazaliwa. Miyaa imekwisha kuanikwa na kuchanwa vipande vyembamba, mingine imechemshwa kwenye rangi ya zambarau na kijani. Kinachosukwa kwanza ni ukili, mkanda mrefu mwembamba ambao baadaye hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka uwe mkeka. Bibi haangalii vidole vyake. Kidole gumba kinakunja jani, cha shahada kinalipitisha chini ya jani la pili, jipya linachomekwa pale la zamani linapokaribia kuisha, na ncha zinaachwa zimechomoza nyuma zije zikatwe mwishoni. Yeye anatazama barabara, anajibu salamu za wapita njia, na ukili unashuka miguuni unajikunja wenyewe.

Nikauliza huwa wanawaza nini saa zote hizo.

Bibi akacheka. "Mikono ina kazi, mwanangu. Ulimi hauna. Na ulimi usio na kazi, ama utamtaja Mungu ama utamtaja jirani."

"Jirani hutajwa zaidi," shangazi akasema.

Hapo nikaanza kuwasimulia habari za wazee wa Misri, kwa sababu nao walikuwa watu wa majani. Wamonaki wa Sketi, jangwani magharibi ya mto Nile, walisuka kamba, mikeka na vikapu vya mtende, wakaviuza wapate mkate. Yasimuliwa kwamba Antoni Mkuu, siku alipochoshwa na mawazo yake mwenyewe, alimwona mtu anayefanana naye ameketi anasuka kamba, kisha akainuka kusali, kisha akaketi tena kusuka, na akasikia akiambiwa afanye vivyo hivyo naye ataokoka. Sisi hupenda kuwafikiria wazee hao wamekaa wima kama sanamu, macho juu, hawana shughuli. Kumbe walikaa hivi hivi, migongo imepinda, majani mapajani, na walichokihofu ni hiki alichokisema bibi: mikono ikishazoea kazi, akili inabaki huru, na akili iliyo huru haikai bure. Itasengenya, itahesabu madeni, itaandika barua ya kumjibu mtu ofisini. Sala haikuhitaji kutafutiwa saa yake nje ya kazi. Ilichukua nafasi ile ile ambayo umbea na wasiwasi vingeikalia.

Nadhani hili ndilo linalotupita tunaposema hatuna muda wa kusali. Muda wa kumsema kondakta ninao, tena wa kutosha, na hakuna aliyewahi kunitengea.

Nikafika kwa Abba Paulo. Huyu aliishi mbali mno, mwendo wa siku saba na zaidi kutoka mjini, hata gharama ya kupeleka kazi yake sokoni ingezidi bei yake. Riziki yake ilitoka kwenye mitende michache na bustani ndogo. Hata hivyo kila siku alijipimia majani ya kusuka, kama mtu mwenye tajiri wa kumdai. Mwisho wa mwaka, pango likishajaa, alitia moto kazi yote akaanza upya. Cassian anamsifu sana kwa hilo.

Shangazi aliacha kusuka. "Anachoma?"

"Anachoma."

"Vyote?"

"Kazi ya mwaka mzima, shangazi."

"Huyo hakuwa na mtoto wa shule."

Bibi naye akataka kujua kama mtu huyo alikuwa na mke. Nikamwambia hapana. "Ndiyo maana," akasema, na ukili ukaendelea.

Nimelifikiria jibu hilo kutwa. Walioandika juu ya sala ya kimya, wengi wao hawakuwa na mtoto wa shule. Si kosa lao, wala mafundisho yao hayawi ya uongo kwa hilo, ila mtu akiyabeba mazima mazima kuyaleta kwenye baraza la Malindi yatamwangukia. Abba Paulo alijifunza kutofungwa na faida kwa kuichoma. Mkeka wa shangazi umeshagawanywa kabla haujakamilika: karo ya mjukuu, unga, dawa ya presha. Akisali huku anajifanya mkeka si kitu, atakuwa anamdanganya Mungu. Anachoweza ni kusuka akiwa na Mungu, na karo ikiwa hapo hapo katikati yao.

Alinipa miyaa nijaribu. Kazi yangu haikupewa jina.

Jumatano

Misa ya asubuhi, soko, sabuni, jua kali. Mstari nimeukumbuka nikiwa kwenye tuktuk tu, dereva alipolipita lori upande wa kushoto. Abba Isaka angeridhika.

Alhamisi

Leo nilikataa chai ya asubuhi. Nilitaka kufunga mpaka saa sita, jambo la kawaida tu. Shangazi akaweka birika chini taratibu.

"Hapa kwetu, mwanangu, usimwambie mtu kwamba unafunga ili umwone Yesu."

Hakuhitaji kueleza. Msitu wa Shakahola uko bara ya Malindi hii hii. Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa kule, na miili iliyotolewa ilipita 400, watoto wengi wakiwemo, watu walioambiwa kwamba kufa njaa ni njia ya kukutana na Kristo. Miili ililetwa chumba cha maiti cha hospitali ya hapa mjini. Shangazi anakumbuka jamaa waliokuwa wakija kutoka mbali kuuliza habari za watu wao, wakiambiwa wasubiri vipimo vya DNA. Baadhi yao walipewa maji ya kunywa kwenye baraza hili hili.

Mtu akiandika juu ya kufunga na kukaa kimya na Mungu akiwa Malindi, kisha akapita Shakahola kama hajaiona, sijui anamwandikia nani.

Na si kweli kwamba wazee wa jangwani hawana la kusema hapo. Cassian anasimulia mazungumzo yake na Abba Musa, na mada yao nzima ni busara ya kupambanua, ambayo wazee waliihesabu kuwa mama wa fadhila zote. Mfano wanaopewa unatisha. Heroni alikaa jangwani miaka 50, mkali wa kufunga kuliko wote, hata sikukuu ya Pasaka alikataa kula pamoja na ndugu zake ili asionekane amelegea. Mwishowe akadanganywa na sauti aliyoidhani ya malaika, akajitupa kisimani akiamini hatadhurika. Wakamtoa nusu maiti, akafa siku ya tatu, na bado hakukubali kwamba alidanganywa. Wazee hawakumwita shahidi. Walisema alikosa kupambanua, na alikosa kwa sababu alikataa kusikiliza mtu yeyote.

Kutoka hapo Abba Musa anashuka kwenye hesabu ya mikate. Miwili kwa siku, midogo, mikavu, lakini kila siku. Kufunga kupita kiasi na ulafi, anasema, huishia mahali pamoja. Tena mawazo yako usiyafungie ndani, yafichue mbele ya wazee wenye uzoefu. Kule msituni watu walitengwa kwanza na jamaa zao, na shule, na hospitali, kisha ndipo wakatengwa na chakula. Mwalimu wa sala anayekukataza kuuliza kwingine umkimbie, hata kama anataja Biblia kila sentensi.

Nimekunywa chai. Palikuwa na mahamri na mbaazi za nazi, na nazi yenyewe nimeikuna mimi.

Ijumaa

Asubuhi nimekwenda pwani kwenye kanisa dogo la Wareno. Ni chumba kimoja tu, kuta za mawe, paa la makuti, makaburi uani. Wageni wengi hupita wakielekea nguzo ya Vasco da Gama, msalaba wake ukiangalia bahari. Mimi nguzo hiyo hainiambii mengi. Ni alama ya mabaharia waliotia nanga mwaka 1498 wakitafuta njia ya kwenda India, na walimpata Malindi wa kuwaonyesha.

Kanisa lile linahusishwa na Francis Xavier, mmoja wa wenzake wa kwanza wa Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti. Alipita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, akamzika hapa Mreno mmoja aliyefariki. Katika barua aliyoandika mwaka huo huo baada ya kufika Goa, anaeleza kwamba Mwislamu mmoja wa heshima mjini alimuuliza kama Wakristo huwa wanahudhuria makanisa yao na kusali kwa bidii. Kwao, alisema, ibada imepoa: misikiti iko 17, na watu huenda kwenye 3 tu, tena wachache.

Xavier alimjibu kwamba Mungu hakai na wasioamini, wala hapendezwi na sala zao. Ni mtakatifu, na walimwengu walikuwa wakisemezana hivyo enzi zile, lakini nikisoma jibu hilo nahisi nafasi ilimponyoka. Yule mzee hakuja kushindana dini. Alikuwa mtu mwenye huzuni kwa kuona sala inakufa mjini kwake, akamwendea mgeni aliyemdhania anaijua sala. Wangeweza kukaa chini ya mti.

Nilirudi kabla ya Adhuhuri. Barabara zilijaa kanzu, vijana wakikimbilia msikitini na kofia mkononi. Barazani bibi alikuwa ameshaviringisha ukili wake na kuingia ndani kuswali. Na adhana ilipoanza, shangazi naye akasimamisha mkono, akafanya ishara ya msalaba, akasali Malaika wa Bwana, midomo ikisogea bila sauti. Nilidhani imetokea tu. Alipomaliza nikamuuliza.

"Kengele ya kanisa haifiki huku," akasema. "Adhana inafika."

Amefanya hivyo miaka na miaka. Hajawahi kumwambia padre, kwa sababu hakuona kama ni jambo la kuambiwa padre. Bibi analijua. Siku ambazo shangazi amezama kwenye kazi hakusikia, bibi humgusa bega akipita kwenda kutawadha: "Shoga, saa yako."

Jumamosi

Mkeka uliokuwa umebaki ukingo umemalizika jana usiku, na leo tumeupeleka sokoni. Akaja bwana mmoja anayeuzia watalii. Akaufunua, akaukunja, akaunusa, akauliza bei. Shangazi akasema elfu moja na mia tano. Bwana akasema mia sita. Shangazi akasema mkeka huu umechukua mwezi. Bwana akasema mwezi wa nani. Nikaona mshipa wa shingo ya shangazi umesimama, nikajua yatakayofuata, lakini akanyamaza kidogo, akaangalia chini, kisha akasema kwa upole kabisa: "Elfu moja na mia moja, na ukishauacha hapa usirudi." Akalipa elfu.

Njiani nikamuuliza alipokuwa amenyamaza alikuwa anafanya nini.

"Nilisema ule mstari wako."

"Wote?"

"Nusu. Ile ya hima."

Jerónimo Nadal, aliyemjua Ignatius kwa karibu, alimweleza kuwa mtu anayetafakari akiwa katikati ya tendo. Maneno hayo yamenukuliwa sana hata yamechakaa, na mara nyingi huwekewa picha ya mtu mwenye kompyuta na mshumaa. Nitayaweka kwa shangazi, soko la Malindi, mshipa umesimama.

Baada ya chakula cha usiku nilimfundisha namna Ignatius alivyowataka watu waipitie siku yao. Kwanza unashukuru. Unaomba mwanga wa kujiona ulivyo. Unaipitia siku saa kwa saa tangu ulipoamka. Unaomba msamaha. Unaazimia kesho. Ignatius aliithamini sana sala hii, hata akawa hataki iachwe na mgonjwa asiyeweza sala nyingine. Shangazi alipenda kwamba ni fupi. Taa ilikuwa imezimwa, tukalala kila mtu kitandani mwake, mimi nikipitia yangu kimya na yeye akipitia yake kwa sauti, kwa sababu hakuona faida ya kumficha mtu wa nyumbani.

Alishukuru kwa elfu moja. Alishukuru kwa presha kutulia, kwa mjukuu kupiga simu, kwa nguru kushuka bei. Akakaa kimya kidogo alipofika sokoni.

"Mkeka haukuchukua mwezi," akasema gizani.

"Ulichukua muda gani?"

"Siku kumi na kitu. Na nusu yake kasuka shoga yangu." Nikamsikia akigeuka. "Hiyo naiombea msamaha."

"Sasa unaazimia, shangazi."

"Kesho Jumapili, siuzi kitu. Nitaazimia Jumatatu."